Kungoja Pofu: Safari ya Alasiri Kutoka Shauri Moyo

Mtaa wa Shauri Moyo, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, si mahali ambapo mtu angetazamia kukutana na mwindaji. Ulijengwa na Baraza la Mji mwishoni mwa miaka ya 1930, ili kuwaweka watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani kilipobomolewa, na wazee husimulia kwamba hata jina lake limetokana na uhamisho ule: uende au usiende, shauri la moyo wako. Upande mmoja iko barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Donholm. Upande wa pili wapita mto Nairobi, ambao maji yake siku hizi hayamvutii hata bata. Soko la Burma lipo hapo hapo na nyama zake zilizotundikwa, na kutoka Kamukunji huja sauti ya nyundo za mafundi wa bati, tangu asubuhi mpaka kuchwa kwa jua. Mgeni huziba masikio. Wenyeji wamekwisha sahau kwamba kuna kelele.

Katika mtaa huo akaa mzee mmoja, Mkamba wa upande wa Kitui, aliyefika Nairobi mwaka 1963 kufanya kazi ya reli, na sasa amepita miaka 80. Kila alasiri huketi juu ya kigoda nje ya mlango wake, mgongo ukutani na uso kuelekea mashariki. Siku moja nilimwuliza kwa nini hakigeuzi kigoda apate kuwaona watu wapitao njiani. Akanijibu, "Mwanangu, upepo wa Nairobi watoka huko. Ukikaa na upepo mgongoni, kila kinachokuja mbele yako kimekwisha pata habari zako." Basi ndivyo nilivyojua kwamba jirani yangu aliwahi kuwa mwindaji wa uta na mishale.

Alifundishwa na mjomba wake katika miaka ya 1950, karibu na mto Tiva. Wasomaji wanaotoka Ukambani wanajua jinsi wazee wa huko walivyosifika kwa uta, na jinsi mishale yao ilivyofungwa kwa kipande cha ngozi ili sumu isikauke. Lakini mzee huyu, ukimwuliza habari za uwindaji, hazungumzi sana juu ya uta. Huzungumza juu ya kukaa. Mjomba wake alimkalisha juu ya mti siku tatu nzima kabla ya kumruhusu kushika mshale, naye alitakiwa kumweleza kila jioni ni wanyama gani waliopita, wametoka wapi, na kwa nini wamepita hapo na si kwingine. Siku ya kwanza alieleza alichokiona. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, asema, ndipo alipoanza kueleza sababu, na mjomba akacheka.

Sisi watu wa mjini tumezoea kusema kwamba subira yavuta heri. Mzee hakubaliani na methali hiyo, ama angalau ataka iongezewe maneno. Asema kwamba mtu mwenye subira aliyekaa mahali pasipofaa ni sawa na mtu aliyelala. Kwanza ni mahali, kisha upepo, kisha jua. Subira huja mwisho, nayo si kazi ngumu kwa mtu aliyekwisha chagua vizuri, kwa sababu anajua ya kuwa mnyama hana budi kupita.

Yafaa niseme neno juu ya sheria, maana msomaji atauliza. Wakati wa ukoloni mtu hakuruhusiwa kuua wanyama wa porini bila kibali cha serikali, na kijana wa Kitui mwenye uta hakuwa na njia ya kukipata. Hivyo mwenye bunduki na leseni aliitwa mwindaji, na mwenye mshale aliitwa mwizi wa wanyama, ingawa huenda wote wawili walimfuata mnyama mmoja. Katika mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyama wakubwa, wa bunduki na wa mshale, na marufuku hiyo ingalipo. Mzee wangu alikuwa ameacha zamani. Tangu aliposhuka kwenye gari moshi mwaka 1963 hajavuta upote. Lakini kungoja hakukatazwi na sheria yo yote.

Mnyama aliyempenda kumngoja kuliko wote ni pofu. Yeye ndiye mkubwa kabisa wa jamii ya swala katika nchi yetu. Dume aliyekomaa aweza kupita kilo 700, sawa na fahali mzuri wa ng'ombe. Rangi yake ni ya udongo mkavu, ana nundu mabegani, ngozi yaning'inia kooni, na pembe zake zimesokotwa kama kamba, dume na jike wote wawili. Wamasai, ambao kwa desturi hawakupenda nyama ya porini, husemwa kwamba walimla pofu pamoja na nyati kwa sababu wawili hao wafanana na ng'ombe. Pamoja na unene wake aruka ua wa kimo cha mtu bila shida. Tena ni mwoga sana. Twiga atakutazama, punda milia atakutazama. Pofu amekwisha ondoka.

Jina analoitwa na Wazungu lina kisa. Waholanzi walipofika Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 17, walimwona mnyama huyu wakampa jina la mnyama wa misitu ya baridi ya kwao Ulaya, mwenye pembe pana kama viganja vilivyofunguliwa, ambaye kwa lugha yao ni eland. Wanyama hao wawili si ndugu hata kidogo, ila kwa ukubwa tu. Lakini wanaowawinda wana desturi moja. Katika nchi ya Sweden, majira ya majani kupukutika, watu maelfu huenda msituni kumwinda yule wa kule, na kila mmoja huonyeshwa mahali pake pa kusimama na kungoja. Hutakiwa asiondoke hapo mpaka aambiwe, awe ameona kitu au asiwe ameona. Nilipomsimulia mzee habari hizi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama wale watu wa baridi hutazama upepo kwanza. Nikamwambia hawawezi kukosa kutazama.

Hata hapa kwetu watu wamefanya biashara ya kungoja. Karibu na Nyeri, mwaka 1932, Bwana Eric Sherbrooke Walker alijenga vyumba juu ya mti, penye maji na chumvi, watu wapate kukaa usiku wakitazama ndovu na vifaru chini. Hapo ndipo alipokuwa Binti Mfalme Elizabeth usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, baba yake alipofariki dunia huko Uingereza. Wageni walilipa fedha nyingi kwa jambo ambalo mjomba wa mzee wangu alilifanya kwa kulazimika.

Basi, mwaka jana daktari alimwambia mzee kwamba ana presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha potea haitarudi. Jicho la kushoto halioni tena. La kulia laona kama mtu atazamaye ndani ya bomba. Hakulalamika, ila jioni moja alisema angependa kumwona pofu mara moja tena kabla bomba hilo halijazibwa. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi iko mwendo wa kilomita 10 hivi kutoka mlangoni pake, naye kwa miaka yote aliyokaa mjini hakuwahi kuingia ndani yake. Watu wengi wa mitaa yetu wako hivyo.

Tulikwenda mwezi wa Septemba, katika gari dogo la kijana mmoja wa mtaani. Nilitaka tuondoke alfajiri kama wafanyavyo watalii, lakini mzee alikataa. Akaeleza sababu: upepo watoka mashariki, basi hatuna budi kutazama mashariki, nasi tukitazama mashariki asubuhi, jua litatupiga usoni na kumwonyesha mnyama kila kinachong'aa kwetu. Alasiri jua litakuwa nyuma yetu na upepo mbele yetu. Tena Septemba ni ukavu kabla ya mvua za vuli, wakati ambapo wanyama wa nyika za kusini huingia mbugani kutafuta malisho na maji. Mambo haya yote aliyafikiri juu ya kigoda chake, pale Shauri Moyo, katikati ya nyundo.

Njia yenyewe si ya kusimuliwa sana. Jogoo, Landhies, Haile Selassie, kisha barabara kuu ya Uhuru, chini ya ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, mpaka uwanja wa Nyayo. Hapo twageuka kushika Lang'ata na kupita uwanja wa ndege wa Wilson. Saa nane kasorobo tulikuwa langoni. Kiingilio hulipwa kwa simu, na kijana wetu alifanya hivyo upesi kuliko nilivyoweza kutoa miwani yangu.

Mbuga hii ilitangazwa Desemba 1946, ya kwanza katika Kenya, nayo ina kilomita za mraba 117. Kabla ya hapo Wasomali walilisha mifugo humo, na wakati wa vita vya pili askari walifanyia humo mazoezi ya silaha. Bwana Mervyn Cowie, aliyeipigania, alitumia hila moja ambayo bado hunichekesha: mwaka 1939 aliandika barua gazetini kwa jina la uongo, akijifanya mlowezi wa zamani anayedai wanyama wote wauawe kwa bunduki. Watu walikasirika, wakaanza kudai wanyama walindwe, na hayo ndiyo aliyoyataka.

Upande wa lango ni msitu. Ukishuka zaidi nchi hufunguka ikawa uwanda wa majani na migunga midogo, na nyuma yake yaonekana majumba marefu ya mjini. Karibu na lango ni mahali pale ambapo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mwezi wa Julai 1989. Hatukusimama. Tulipita chini ya daraja la reli mpya, lenye urefu wa kilomita 6 hivi, lililofunguliwa kwa safari za Naivasha mwaka 2019, na mzee, aliyekuwa mtu wa reli, aliuliza limeinuliwa kiasi gani. Nikamwambia twiga apita chini. Akasema, "Twiga hapiti penye kivuli asichokijua mpaka amekizoea." Sijui kama ni kweli, lakini siku hiyo sikuwaona twiga karibu nalo.

Tulitafuta mahali kwa muda wa saa nzima. Dereva alitaka kusimama penye bwawa, maana kila mtu ajua wanyama huja majini. Mzee alisema, "Punda milia mngojee penye maji. Pofu mngojee penye njia." Ni kweli kwamba pofu aweza kukaa siku nyingi bila kunywa, akipata maji yake katika majani. Basi tulishuka kusini, kuelekea mto Mbagathi ulio mpaka wa mbuga. Kila penye bonde dogo mzee aliomba tusimame, akaniuliza: majani yamelala upande gani? Vichaka vimeng'atwa juu ya kimo cha mbuzi au chini yake? Kinyesi ni kikavu au chang'aa? Nilijibu kwa kadiri ya uwezo wangu wa karani. Katika bonde la nne nilimwambia kwamba naona mapito matatu membamba yakikutana na kuwa moja, na vijiti vya vichaka vimevunjwa kwa juu. Alitoa mfukoni kijifuko cha kitambaa, akachukua jivu kidogo kwa vidole viwili, akaliachia nje ya dirisha. Likaja usoni mwetu. "Hapa," akasema. Gari likaegeshwa kando ya barabara, nyuma ya mgunga, chini ya ukingo ili lisionekane juu ya anga. Injini ikazimwa. Redio ikazimwa. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Nataka kueleza kungoja kule, ingawa hakuna mengi yaliyotokea. Robo saa ya kwanza hunena yenyewe; mtu hutazama huku na huku. Nusu saa ya pili ni mbaya kuliko zote. Dereva alitazama simu yake mara kumi na moja. Magari ya watalii yalipita juu ya ukingo kwa haraka, matano, sita, kwa sababu mahali fulani palikuwa na simba, na dereva wetu akageuza shingo kuyafuata kama mtoto aliyeachwa na basi. Mzee alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala, mpaka aliponong'ona kwamba kuna kanga nyuma ya kichaka cha kushoto. Baada ya dakika kidogo wakatoka, wanane. Halafu, sijui ni saa ngapi, nikasikia kwamba sisikii nyundo. Nimekaa Shauri Moyo miaka 19, na kichwani mwangu nyundo zile hazikunyamaza hata nikiwa safarini. Pale zilinyamaza.

Alipokuwa amefumba macho vile alinieleza kwa sauti ya chini jambo lililomleta. Alikuwa amesikia redioni kwamba njia za kusini zazibwa. Na habari hizo ni kweli. Mbuga ya Nairobi ina ua pande tatu. Upande wa nne, wa mto, uliachwa wazi ili wanyama wapate kwenda na kurudi katika nyika za Kitengela na Athi. Lakini nyika hizo ni mali ya watu, zimegawanywa mashamba, na shamba likiuzwa hujengwa nyumba na kuzungushiwa waya. Nyumbu katika nyika hizo walihesabiwa kuwa karibu 30,000 mwaka 1978. Mwaka 2011 hawakufika 5,000. Tangu mwaka 2000 palikuwapo na mpango wa kuwalipa wenye mashamba ya Kitengela fedha kidogo kwa kila eka ili wasiweke ua, na wako Wamasai walioupokea kwa moyo. Lakini bei ya kiwanja karibu na Nairobi haishindani na fedha kidogo. Mimi siwalaumu. Mtu mwenye watoto wa kusomesha hawezi kuambiwa aache ardhi yake iwe njia ya nyumbu bila malipo ya kweli, na wanaosema vinginevyo mara nyingi wana viwanja vyao wenyewe tayari.

"Mjomba wangu," alisema mzee, "aliweza kukaa juu ya mti siku tatu kwa sababu alijua watapita. Njia ikikatwa, huyo si mwindaji tena. Ni mtu juu ya mti."

Saa kumi na nusu ilipita. Lango hufungwa saa kumi na mbili, na kutoka pale ni mwendo wa dakika arobaini. Dereva alianza kukohoa kwa makusudi. Mzee akainua kidole.

"Wasikia?"

Sikusikia kitu. Alishika mkono wangu, akagonga kwa ukucha wake juu ya saa yangu: ta, kisha kimya, ta. Ndipo nami nikasikia, mbali sana, kama mtu anayevunja vijiti vikavu polepole. Ni magoti ya mbele ya pofu dume, ambayo hulia kila anapopiga hatua. Wataalamu waliowachunguza pofu wa Kenya walieleza mwaka 2008 kwamba dume akiwa mkubwa zaidi mlio huwa mzito zaidi, hata madume wengine waweza kumpima mwenzao bila kupigana. Mzee hakuhitaji wataalamu. "Huyu ni mzee kama mimi," akasema. "Yuko nyuma. Majike wako mbele yake."

Walitokeza bondeni majike tisa na ndama wawili, kwa mstari mmoja, wakija juu kutoka upande wa mto. Hawakutuona. Walipita mbele yetu umbali wa hatua kama sitini, jua likiwaangaza, na mistari myeupe ya mbavuni ilionekana kama imechorwa kwa chaki. Yangeyange mmoja alikuwa juu ya mgongo wa jike wa tatu. Mzee alikuwa akigeuza kichwa kidogo kidogo, akitafuta kwa jicho lile moja. Nilimwongoza kwa kunong'ona: kushoto, kushoto tena, kichwa cha mbele kimefika penye jiwe. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Nimempata," wala hakusema tena neno mpaka mstari wote ulipopita mbele ya lile bomba lake.

Halafu akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiri.

"Miguu yao ikoje?"

Nilichukua darubini. Miguu ilikuwa myeusi tangu kwato hadi chini ya magoti, na ule weusi ulikuwa ukimeremeta. Nikamwambia, tope bichi.

"Wote?"

"Wote, Mzee. Na ndama mpaka tumboni."

Alipumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo. Mbugani hapakuwa na tope lo lote siku ile, nchi ilikuwa kavu kama chungu. Walikuwa wamevuka mto saa ile ile, kutoka ng'ambo.

Dume alikuja mwisho, peke yake, mkubwa mno, rangi yake imekuwa ya kijivu kwa uzee, na nywele nyeusi zimesimama juu ya paji la uso. Alisimama penye mapito, akainua pua, akatazama moja kwa moja penye mgunga wetu. Upepo ulikuwa bado usoni mwetu. Akapita. Ta. Ta.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika saba. Dereva alishika ufunguo, na njia fupi ya kurudi langoni ilikuwa mbele, palepale walipokuwa wakipanda pofu. Mzee alimgusa bega. "Zunguka nyuma yetu, kijana wangu. Usikate njia yao." Tukazunguka kwa barabara ndefu, mawe yakigonga chini ya gari, tukafika langoni zikiwa zimebaki dakika nne.